Biti za almasi za bei nafuu kwa tangi la samaki: nunua mbili, achana na seti

Biti ya almasi ya bei ya chini hutoboa kioo cha tangi la samaki vizuri tu. Tatizo ni namna inavyouzwa. Watu hununua seti ya vipande 10 au 15, wakifika nyumbani wanakuta kipimo wanachokitaka hakimo, au kimo kimoja na kimeisha makali kazi ikiwa katikati. Seti tunaipa alama ya chini. Biti moja moja, kwa anayejua kipimo chake, tunazipa alama nzuri, na kwa tangi la kawaida la nyumbani hakuna haja ya kulipia zaidi ya hapo.

Bidhaa yenyewe ni kikombe cha chuma chembamba chenye shina la kuingia kwenye mdomo wa drili. Haina ncha ya katikati. Kwenye ukingo wa kikombe, na milimita chache kupanda juu ndani na nje, kumepakwa chembe za almasi zilizoshikizwa na nikeli kwa njia ya umeme. Tabaka ni moja tu. Chembe hizo zikinyofoka au zikilainika, chini yake hakuna nyingine, na biti imekwisha. Biti ghali zina tabaka nene: almasi imechanganywa na unga wa metali na kuokwa pamoja, kwa hiyo kadiri inavyolika ndivyo almasi mpya inavyojitokeza. Hizo ni za fundi anayetoboa kila siku. Kuna aina ya tatu, yenye chembe kubwa zinazoonekana wazi kwa macho, inayouzwa kwa ajili ya granaiti na vigae vigumu na kunadiwa kwamba haihitaji maji. Kwenye kioo iache. Chembe zake ni nene mno, zinamegua kingo za tundu.

Dukani, kabla ya kulipa, simamisha biti juu ya kioo cha kaunta, ukingo ukiwa chini. Ikicheza, au ukiona mwanga unapenya upande mmoja, irudishe: ukingo haujanyooka na utagonga kioo mahali palepale kila mzunguko. Pitisha kidole taratibu kuzunguka ukingo. Ukwaruzo uwe sawa pande zote, pasiwe na sehemu laini inayong'aa. Kagua pia pale shina lilipoungwa na kikombe, maana kwenye zile duni limekaa upande na biti huyumba ikizunguka. Kuyumba kidogo hakukwepeki kwa bei hii, ndiyo maana biti iliyoandikwa 35 huacha tundu la milimita 35 na nusu hadi 36. Mwenye vernia, kile kifaa cha kupimia vipenyo, apime kipenyo cha nje mwenyewe asitegemee namba iliyochapwa. Mwisho, tafuta yenye mwanya ubavuni. Mwanya huo ndio unaoingiza maji na kutoa unga wa kioo, na ndio utakaopitishia bisibisi nyembamba kukisukuma nje kisahani cha kioo kilichonasa ndani.

Konekta kwanza, biti baadaye

Kosa linalogharimu kuliko yote hufanyika kabla drili haijawashwa: kununua biti kwa kufuata namba ya bomba. Konekta ni kiungio chenye uzi kinachopitisha bomba kwenye tundu la kioo. Ya inchi 1 haiingii kwenye tundu la inchi 1, na konekta mbili zote zilizoandikwa inchi 1 zinaweza kutaka matundu tofauti kwa sentimita nzima.

Inayopatikana kila duka la vifaa vya bomba, kuanzia Kariakoo hadi mji mdogo wowote, ni tenki konekta ile ile ya matangi ya maji ya plastiki. Uzi wake wa nje ni wa BSP, mfumo wa Kiingereza unaotumika kwenye mabomba yetu. Uzi wa BSP wa nusu inchi una kipenyo cha nje cha karibu milimita 21. Wa robo tatu ni milimita 26.4. Wa inchi 1 ni milimita 33.2, wa inchi 1 na robo ni 41.9, na wa inchi 1 na nusu ni 47.8. Tundu lizidi uzi kwa milimita moja hadi mbili. Kwa hiyo nusu inchi chukua biti ya 22, robo tatu chukua 28, inchi 1 chukua 35.

Konekta zilizotengenezwa mahsusi kwa matangi ya samaki, zinazoagizwa kutoka nje, zina mpango mwingine. Hapo inchi 1 ni bomba linaloingia ndani ya konekta, na mwili wake wenye uzi unalizunguka bomba hilo. Ya Kimarekani ya inchi 1 kwa kawaida hutaka tundu la milimita 45, na ya robo tatu hutaka 38. Mtu akisoma maelekezo ya Wamarekani mtandaoni, akanunua biti ya 45, kisha akaenda kununua tenki konekta ya inchi 1 mtaani, anabaki na tundu linalopwaya kwa zaidi ya sentimita, na washa ya mpira haina pa kushika. Kioo hakizibiki kama bati. Weka konekta mezani, ipime uzi wake, ndipo uagize biti.

Konekta iwe ya plastiki. Ya shaba nyeupe ni imara, lakini madini ya shaba huingia majini na huua konokono na kamba wa tangi hata kwa kiasi kidogo, na kwa maji ya chumvi ndiyo kabisa. Halafu nati ya chuma humpa mtu hamu ya kushika spana, na spana na kioo havipatani. Washa za mpira ziwe bapa. Baadhi ya tenki konekta huja na washa yenye umbo la koni, iliyokusudiwa ukuta wa mviringo wa tangi la maji; kwenye kioo bapa hiyo hukaa kwa shida, ibadilishe.

Kioo kipi kinatobolewa

Kioo cha tempa hakitobolewi, si kwa biti hii wala kwa yoyote. Kimepashwa joto kikapozwa ghafla, hivyo ngozi yake ya nje imebanwa na kiini chake kinavutwa. Ukiitoboa ngozi hiyo, kioo kizima hulipuka kuwa punje. Matangi mengi ya kiwandani yana kioo cha tempa sakafuni na cha kawaida ubavuni, na wakati mwingine kibandiko cha chini kinasema hivyo. Wakati mwingine hakisemi.

Kwa tangi lililoundwa na fundi wa vioo mtaani, swali ni jepesi zaidi. Kioo cha tempa hakikatwi kwa kalamu ya kukatia vioo. Kama fundi alikata vipande mwenyewe kutoka kwenye kioo kikubwa, basi ni kioo cha kawaida. Wasiwasi uwepo pale aliponunua vioo vilivyotumika, tuseme meza ya kioo au mlango wa duka, na kuvitumia vilevile vilivyo bila kukata. Kioo cha tabaka mbili chenye plastiki katikati nacho kiache. Biti hujaa plastiki, na tabaka la chini hupata ufa wakati la juu limeshatoboka salama.

Kupima ni rahisi kwa mwenye kompyuta ya mkononi na miwani ya jua ya polaroidi. Fungua ukurasa mweupe, vaa miwani au ishike mbele ya jicho, izungushe mpaka skrini ionekane nyeusi. Sasa kioo kiwe katikati ya skrini na miwani. Kioo cha kawaida kitaacha weusi ule ule. Cha tempa kitaonyesha mabaka meupe, mistari au rangirangi, hasa karibu na kingo. Pima kila upande wa tangi peke yake. Jibu la ubavu mmoja halisemi lolote juu ya sakafu.

Mahali pa tundu

Umbali kutoka ukingo wa tundu hadi ukingo wa kioo usipungue kipenyo cha tundu lenyewe, na kati ya tundu na tundu hivyo hivyo. Kwa biti ya 35 maana yake ni kwamba kitovu cha tundu kiwe angalau milimita 52 na nusu kutoka ukingoni, weka 60. Kumbuka unapimia ukingo wa kioo chenyewe. Mstari wa silikoni hauhesabiki, na ubavu mwingine hukaa juu ya kioo cha sakafu ilhali mwingine hukaa kando yake.

Tunapendelea ukuta wa nyuma, juu, kuliko sakafu. Konekta ya juu ikivuja, maji hushuka hadi usawa wa tundu na kuishia hapo. Ya sakafuni ikivuja, samaki wanabaki wakirukaruka kwenye changarawe. Wenye kufuga mbuna wa Ziwa Nyasa na wengine wachafuzi wa aina yao hutaka tundu kubwa kwa ajili ya pampu kubwa, na hapo ni bora kutoboa matundu mawili ya 35 yaliyoachana vizuri kuliko moja la 60: moja likizibwa na konokono au jani, la pili linabeba. Ukihofia kwamba tundu lililo sentimita 6 chini ya ukingo litashusha usawa wa maji mno, kiwiko cha nyuzi 90 kilichogeuzwa juu kwa ndani kinauinua. Mdomo wa kiwiko ndio unaoamua maji yasimame wapi.

Drili

Drili ya betri yenye giya mbili ndiyo tunayoishauri, kwa sababu ya maji kwanza na kwa sababu ya kasi pili. Kasi ya ukingo wa biti kwenye kioo inafaa iwe karibu mita 70 kwa dakika. Ukigeuza hesabu hiyo kuwa mizunguko, biti ya 28 inataka kama 800 kwa dakika, ya 35 kama 650, ya 45 kama 500, ya 60 kama 375. Giya ya kwanza ya drili nyingi za betri hufika kati ya 400 na 500 kitufe kikibonyezwa chote, kwa hiyo kwa 45 na 60 huna la kufikiri. Kwa 35 giya hiyo hiyo inatosha, kazi inachukua muda kidogo zaidi.

Drili ya umeme ya kawaida hukimbia hadi mizunguko 2,800 hivi. Biti ya 45 kwa kasi hiyo inapita kwenye kioo kwa karibu mita 400 kwa dakika, maji yanatupwa nje, ukingo unakauka, almasi inaungua. Kama ndiyo pekee uliyonayo, iwe na kirekebisha kasi kwenye kitufe, waya upite juu mbali na maji, na soketi iwe na kikata umeme cha ulinzi. Alama ya nyundo izimwe. Tunalitaja hili kwa sababu kwenye drili za zege swichi hiyo huachwa hapo miaka yote. Grainda usiifikirie kabisa.

Drili yenye klachi, iweke klachi kwenye namba ya chini au ya kati, usiiweke kwenye alama ya biti. Biti ikinasa wakati inatokeza upande wa pili, klachi itateleza na mkono hautarushwa.

Kazi yenyewe

Tangi liwe tupu na kavu, lilazwe kifudifudi juu ya blanketi au foronya ya godoro iliyokunjwa, ukuta wa nyuma ukitazama juu. Ndani, upande wa pili wa tundu, bandika tepu pana tabaka mbili zilizokatizana. Tepu hushika kisahani kisidondoke, na hupunguza kumeguka kwa upande wa kutokea. Chini kabisa, kwenye kioo cha mbele ambacho sasa kimekuwa sakafu, tandaza taulo nene. Kisahani cha kioo cha milimita 8 kikianguka sentimita 45 juu ya kioo kitupu, umetoboa tangi mara mbili.

Zungushia mahali pa tundu ukuta wa udongo wa kuchezea watoto au puti, kimo cha sentimita 2, kipenyo cha sentimita 12 hivi, na ujaze maji. Bwawa hili dogo ni zuri kuliko mtu wa kumwagilia kwa chupa, maana anayemwagilia husahau akianza kutazama. Ubaya wake ni kwamba maji yake machache hupata joto na kuwa mazito. Yakishakuwa meupe kama tui, yanyonye kwa sponji na uweke mapya, kila dakika moja au mbili. Weupe huo ni dalili njema, ndiyo unga wa kioo. Unga mkavu ukionekana mahali popote, simama hapo hapo.

Kuanza ndiko kugumu, kwa kuwa biti haina ncha na kioo kinateleza. Njia ya kwanza ni kuinamisha drili nyuzi 30 hadi 45, kugusa kioo kwa upande mmoja wa ukingo mpaka mwezi mchanga uchongeke, kisha kuinua drili polepole huku inazunguka hadi isimame wima. Inahitaji mkono uliotulia. Akikosea mtu, biti hutambaa na kuacha mikwaruzo ya duara ambayo haifutiki. Njia ya pili, tunayoipendekeza kwa anayeanza, ni kibao cha plaiwudi cha milimita 9 au 12 kilichotobolewa tundu la kipimo hicho kwa msumeno wa mbao, kikabandikwa kwenye kioo kwa tepu ya pande mbili. Usitumie biti ya almasi kutoboa kibao chenyewe, itajaa unga wa mbao. Mfereji ukishafika kina cha milimita moja, toa kibao, jenga bwawa la udongo na uendelee. Ukikiacha kibao hadi mwisho kinavimba na kuzuia maji yasifike ukingoni, na huoni kinachoendelea.

Nguvu ya kusukuma ni uzito wa drili yenyewe, kilo moja na nusu hivi, bila kuongeza bega. Hapa ndipo vioo vingi hupotea. Biti inasaga kioo kidogo kidogo, haikikati, na kuikandamiza hakuongezi kasi ila joto. Kila sekunde 10 hivi inua kidogo maji yaingie chini, shusha tena. Yumbisha drili kwa duara dogo sana, kiasi cha kuhisi tu, mfereji upanuke kidogo na unga upate njia ya kutokea. Kioo cha milimita 6 kitachukua dakika 4 hadi 6, cha 8 kitachukua 6 hadi 10, cha 10 kinaweza kufika robo saa. Anayekimaliza cha milimita 10 kwa dakika 3 amebahatika, na hatabahatika tena.

Sikiliza sauti. Mwanzoni ni mkwaruzo mwembamba ulio sawa. Unene ukibakia milimita moja hivi, sauti hunenepa na kushuka. Hapo punguza uzito, beba nusu ya drili mikononi, na uache biti ipite yenyewe. Ukisukuma dakika hiyo, kisahani huvunjika kabla ya kukatwa na kuacha ngozi ya kioo imening'inia, au humegua vipande vya umbo la kauri upande wa ndani. Na upande wa ndani ndiko washa ya mpira inakokaa. Mimeguko ya milimita 2 au 3 si tatizo kama washa ni pana na inaivuka kwa milimita 5 au zaidi pande zote. Ikifika kwenye mstari wa nje wa washa, tundu hilo litavuja.

Kisha msasa wa maji, namba 220 halafu 400, kwenye kingo zote mbili za tundu, ukiwa umelowa, mpaka ukali uishe. Watu huliruka hili wakidhani ni urembo. Nyufa nyingi hujitokeza siku kadhaa baadaye kutoka kwenye mikwaruzo midogo ya ukingo ambayo haikusagwa. Osha kwa maji mengi, futa mafuta ya udongo kwa spiriti, bila sabuni. Miwani ya kinga ivaliwe tangu mwanzo hadi hapa, na tope la kioo lisiachwe likauke sakafuni, maana likikauka linapeperuka na kuvutwa puani.

Kufunga

Washa ya mpira inakaa upande wa kichwa kipana cha konekta, na kichwa kiwe ndani ya tangi. Upande wa nati weka washa ya plastiki inayoteleza, ili nati inapozunguka isisokote mpira. Silikoni usiipake kwenye washa ya mpira: inaulainisha, mpira unateleza nje unapokaza, na siku ukitaka kufungua unapigana nayo. Kaza kwa mkono mpaka ishike, kisha robo mzunguko, basi. Konekta nyingi za matangi ya samaki zina uzi wa kushoto, nati yake inakazwa kwa kugeuza kinyume cha mazoea. Anayedhani analegeza na huku anakaza ndiye anayesikia kioo kikilia.

Kabla ya kukaza hakikisha konekta inacheza kidogo ndani ya tundu pande zote. Uzi ukigusa kioo mahali pamoja, bomba likisukumwa kidogo tu nguvu yote inaishia kwenye nukta hiyo. Bomba lenyewe lishikiliwe na ukuta au kabati, lisining'inie kwenye konekta. Jaza maji hadi juu ya tundu, funga karatasi kavu ya chooni kuzunguka nati, subiri saa 24. Karatasi huonyesha unyevu ambao kidole hakiuhisi.

Fundi wa vioo je?

Karakana zinazotengeneza milango ya vioo na bafu za vioo zina mashine ya kutoboa ya kusimama, yenye maji yanayopita ndani ya biti, na zile kubwa hutoboa nusu kutoka juu na nusu kutoka chini ili pasimeguke popote. Kwa ubora wa tundu hakuna biti ya mkononi itakayoshindana nazo. Kasoro ni mbili. Nyingi hazipokei tangi lililokwisha kuungwa, zinataka kioo bapa. Na ukileta kioo chako kikavunjika, hasara kwa kawaida ni yako. Ulizia hilo kabla hakijawekwa mezani. Vilevile uliza vipimo walivyonavyo, kwa sababu biti zao zimenunuliwa kwa ajili ya bawaba na vishikio vya milango, na 35 inaweza isiwepo.

Kwa tangi ambalo bado halijaundwa jibu letu ni moja: mpe fundi mchoro wenye vipimo vya tundu, litobolewe kioo kikiwa bapa mezani, ndipo tangi ligundishwe. Kikivunjika unanunua kioo kimoja tu. Biti ya nyumbani ina maana kwa tangi ambalo tayari lipo.

Inadumu kiasi gani

Kwa maji ya kutosha, biti moja ya tabaka moja hutoboa matundu kadhaa kwenye kioo cha milimita 6 au 8 bila taabu. Bila maji huisha katika tundu la kwanza, na mara nyingi huondoka na kioo. Pima uchakavu kwa saa. Tundu lililochukua dakika 5 likianza kuchukua 12 kwenye kioo cha unene ule ule, usilipe deni hilo kwa kusukuma. Jaribu kwanza kuisugua biti kwenye jiwe la kunolea lililolowa, au kwenye tofali la saruji, kwa sekunde chache, kwa sababu wakati mwingine almasi ipo ila imefunikwa na unga uliogandamana. Isipoamka, itupe.

Hii ndiyo sababu ya kununua mbili za kipimo kimoja. Ya kwanza ikizimika ikiwa imebakiza milimita 3, ya pili inaingia kwenye mfereji ule ule. Usichanganye biti za watengenezaji wawili kwa tundu moja: tofauti ya nusu milimita ya kipenyo inatosha kuibana. Na ile ya kwanza ifanyie majaribio kwenye kipande cha kioo chakavu ambacho fundi wa madirisha atakupa kwa bei ya chini au bure. Ukimaliza ikaushe, maana mgongo wa kikombe ni chuma kitupu na hushika kutu, na kutu huongeza kuyumba pale shina linapoingia kwenye drili.

Seti ya vipande 15 ina mwenyewe, naye ni fundi bomba anayetoboa vigae vya bafuni na jikoni kwa vipimo mbalimbali. Kwake kila kipande kitapata kazi. Mfugaji wa samaki atatumia kimoja, na 14 vitabaki kwenye boksi.